Faili Ziko Wapi? Historia ya Mahali Programu Zinapoweka Vitu Vyake

Leo sina simu mpya ya kusifu wala toleo jipya la kulalamikia. Leo ni historia, tena historia ya swali dogo sana: programu ikishaanza kufanya kazi, inajuaje faili zake ziko wapi?

Swali linaonekana la kitoto. Chukua programu ndogo ya Python ya kuendeshwa kwa kuandika amri, tuseme ya stoo ya nafaka hapa Ishiara. Inapokea jina la mkulima, kilo za ndengu na bei ya siku, halafu inaandika kwenye daftari. Tuiite ndengu. Ndani yake kuna mstari huu:

    bei = open("bei.csv")

Ukiwa ndani ya folda ya programu, mambo ni sawa. Hamia folda nyingine, iite tena, na Python itakutupia FileNotFoundError. Faili haijahama, wewe ndiye umehama. "bei.csv" peke yake maana yake ni "bei.csv iliyo hapa", na "hapa" ni pale mtumiaji aliposimama wakati wa kutoa amri, si pale programu inapokaa.

Hilo la kusoma ni afadhali, kwa sababu angalau linapiga kelele. Kuandika ndiko kubaya. open("daftari.csv", "a") hailalamiki hata kidogo; isipoikuta faili inaunda mpya palepale. Jumatatu karani ameanzia kwenye Desktop, Jumanne ameanzia kwenye Documents, na siku ya soko kuna madaftari mawili. Mkulima aliyekopeshwa mbegu yuko kwenye moja, malipo yake yako kwenye lingine. Sasa mwambie huyo mzee bado anadaiwa, uone.

Kila mwandishi wa programu hukutana na jambo hili, na wengi huliziba kwa mstari wowote uliopatikana kwenye Google. Lakini ukijua historia yake utaona kwamba majibu yaliyopo hayakuanguka kutoka mbinguni. Kila moja lilizaliwa baada ya watu kuumia.

Nukta iliyoteleza

Tuanze na Unix, kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mfumo wa faili ulipoanza kuwa na folda ndani ya folda, kila folda ilipewa majina mawili maalum: nukta moja, maana yake "hapa", na nukta mbili, maana yake "folda ya juu yangu". Tatizo ni kwamba ukitoa amri ya ls kuona orodha ya faili, nukta hizo zilijitokeza kila mara na kuchosha macho.

Rob Pike, aliyefanya kazi na watu hao, alisimulia mwaka 2012 jinsi dawa ilivyopatikana. Badala ya kuandika "ruka jina ambalo ni nukta tupu au nukta mbili", aliyekuwa akiandika ls alitumia njia ya mkato: ruka jina lolote linaloanza na nukta. Basi. Kwa ufupisho huo mmoja, kila faili yenye nukta mwanzoni ikawa haionekani, ingawa hakuna aliyekaa chini akapanga kwamba Unix iwe na faili za kufichwa.

Waandishi wa programu walipogundua shimo hilo wakalihamia. Ukitaka kuweka mipangilio ya mtumiaji bila kumsumbua macho, anza jina na nukta. Ndiyo maana ukifungua folda yako ya nyumbani kwenye Linux kwa ls -a unakuta .bashrc, .profile, .vimrc na ukoo mzima. Hakuna mahali maalum pa mipangilio. Kuna folda ya nyumbani tu, na kila programu inamwaga vyake pale sebuleni kisha inavifunika kwa nukta.

Ubaya wake unaonekana siku ya kuhama kompyuta. Unanakili Documents na Pictures kwenye flash, unaenda zako. Mipangilio ya miaka mitano imebaki nyuma, kwa sababu hukuiona.

Wazee wakaketi kupanga

Upande wa mfumo wenyewe mambo hayakuwa na mpango pia. Folda ya /etc ilikuwa ya vitu vingine vingine visivyo na kwao. /usr ilikuwa ya watu: Dennis Ritchie alikuwa na /usr/dmr yake, Ken Thompson /usr/ken. Baadaye /usr ikajaa programu, watu wakahamishiwa /home, lakini jina likabaki. Ni kama kituo cha matatu kinachoitwa kwa jina la mti uliokatwa zamani.

Linux ilipoanza kusambaa, kila msambazaji alipanga anavyotaka. Februari 1994 kikatoka kiwango cha kwanza cha mpangilio wa folda za Linux, na mwaka 1997 kikapanuliwa na kuitwa Filesystem Hierarchy Standard. Toleo la 3.0 lilitoka Juni 2015.

Wazo lake kubwa si majina ya folda. Wazo ni maswali mawili unayoiuliza kila faili. Kwanza: inabadilika, au inakaa vilevile mpaka programu isasishwe? Pili: inaweza kutumiwa na kompyuta zaidi ya moja, au ni ya kompyuta hii tu? Kutoka hapo mambo yanajipanga. Data isiyobadilika inayokuja na programu huenda /usr/share. Data inayobadilika huenda /var. Mipangilio ya kompyuta hii huenda /etc.

Shika maswali hayo, tutayahitaji. Katika ndengu, orodha ya aina za nafaka inakuja na programu na karani haiguzi. Bei ya leo na jina la stoo ni mipangilio. Daftari la madeni linabadilika kila saa. Ni vitu vitatu vyenye maisha matatu tofauti, na mwanafunzi wengi tunaowajua huviweka vyote kwenye folda moja.

Upande wa Windows

Kwenye Windows za mwanzo mipangilio ilikaa kwenye faili za maandishi zenye mwisho wa .ini. Programu nyingi ziliandika kwenye WIN.INI ileile iliyokuwa ndani ya C:\WINDOWS, ikawa kama ukuta wa choo cha shule, kila mtu ana lake la kuchora. Mwaka 1992, Windows 3.1 ikaja na Rejista kwa kazi ndogo. Windows NT na Windows 95 zikaifanya ghala kuu la mipangilio. Rejista ilimaliza fujo ya .ini lakini ikaleta nyingine: mipangilio haikuwa tena faili unayoweza kuifungua kwa Notepad, kuinakili kwenye flash na kumpelekea mwenzako.

Kwa muda mrefu pia programu za Windows zilijizoeza kuandika data zao humohumo zilimosakinishwa, ndani ya Program Files. Iliwezekana kwa sababu karibu kila mtu alikuwa msimamizi wa kompyuta yake. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ikasema basi: mtumiaji wa kawaida haandiki Program Files. Lakini Microsoft walijua kwamba wakifunga mlango kabisa, maelfu ya programu za zamani zitakufa. Wakafanya ujanja. Programu ya zamani ikijaribu kuandika Program Files, Windows inaidanganya kwamba imefaulu, kumbe faili imepelekwa kwenye folda ya mtumiaji huyo inayoitwa AppData\Local\VirtualStore.

Ujanja huo nimeuona kwa macho. Stoo moja ya upande huu wetu ilikuwa na programu ya madeni iliyonunuliwa kwa fundi mmoja wa mjini, programu ya siku nyingi iliyoandika daftari lake ndani ya Program Files. Ilifanya kazi bila shida. Siku moja kijana wa dukani akafunguliwa akaunti yake mwenyewe ya Windows ili asichanganye picha zake na za mama mwenye stoo. Akafungua programu: daftari tupu. Msimu mzima wa mbegu zilizokopeshwa kabla ya mvua za Oktoba, hakuna hata jina moja. Fundi akaambiwa kwa simu, akasema kirusi, kompyuta ifutwe kila kitu ianze upya.

Kwa bahati haikufutwa. Daftari lilikuwa limelala kwenye VirtualStore ya akaunti ya mama, zima kabisa. Akaunti mpya ilikuwa na VirtualStore yake, mpya na tupu. Hapakuwa na kirusi. Kulikuwa na programu iliyodhani inajua faili zake ziko wapi, na Windows iliyoona ni adabu kutoikatalia.

Ushauri wa kufuta ungetekelezwa, wakulima wangapi wangeitwa kuulizwa wanadaiwa nini? Na ambaye angesema "mimi nilishalipa" angeaminiwa vipi? Swali la faili ziko wapi likifika kijijini linageuka swali la nani anaaminiwa na nani haaminiwi.

Nyumba yenye vyumba

Turudi kwenye Linux. Mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha freedesktop.org ili mifumo ya mezani kama GNOME na KDE ikubaliane mambo ya msingi. Mwaka 2003 kikatoka kiwango chao kuhusu folda, XDG Base Directory. Ni kurasa chache tu, unaweza kukimaliza kabla chai haijapoa.

Kinasema folda ya nyumbani iwe na vyumba. Mipangilio ikae ~/.config. Data ya mtumiaji ikae ~/.local/share. Vitu vya muda, vile ambavyo vikifutwa vinaweza kutengenezwa tena, vikae ~/.cache. Mwaka 2021 kikaongezwa chumba cha ~/.local/state, cha mambo kama kumbukumbu za matukio na historia ya amri. Tena mtumiaji akitaka kuhamisha chumba, ana kigeu cha mazingira cha kusemea hivyo, kwa mfano XDG_CONFIG_HOME.

Faida yake ni kwamba sasa unaweza kusema kwa uhakika: hiki ninakili, hiki naacha. Unanakili ~/.config na ~/.local/share, unaacha ~/.cache. Ukiwa unatumia bando la siku kupeleka nakala ya akiba mtandaoni, tofauti hiyo ni pesa.

Mac nao wana mpangilio wao: ~/Library/Application Support kwa data, ~/Library/Caches kwa vitu vya muda. Na Windows, tangu Vista, ina AppData yenye matawi: Roaming kwa vitu vinavyoweza kumfuata mtumiaji kutoka kompyuta moja hadi nyingine ofisini, na Local kwa vinavyobaki pale. Mifumo mitatu, mawazo yanayofanana, anwani tofauti. Mwandishi wa programu ndogo atazikumbuka zote? Hapo ndipo Python inapoingia.

Python na pakeji zake

Guido van Rossum alitoa Python mara ya kwanza mwaka 1991, lakini kwa miaka mingi hakukuwa na njia moja ya kusambaza programu yako kwa watu. Mwaka 2000 ikaja distutils, kazi ya Greg Ward, ikaingia kwenye Python 1.6. Humo kulikuwa na kipengele cha data_files cha kusema "faili hii iende folda ile". Iliisakinisha vizuri, ila haikukupa njia ya uhakika ya kuiuliza baadaye, "uliiweka wapi?"

Kwa hiyo watu wakategemea __file__, kigeu kinachosema moduli hii imetoka kwenye faili gani. Unachukua folda yake, unaunganisha "bei.csv", umemaliza. Ni afadhali mara kumi kuliko open("bei.csv") tupu. Lakini mwaka 2003 Python 2.3 ikaruhusu kusoma moduli moja kwa moja kutoka ndani ya faili ya zipu. Kwenye zipu hakuna folda ya kweli, kwa hiyo njia uliyoiunga kutoka __file__ inakuelekeza mahali pasipokuwepo.

Mwaka 2004 Phillip J. Eby akaanzisha setuptools, ambayo ilikuja kuwa na pkg_resources, iliyoweza kukupa data ya pakeji hata ikiwa ndani ya zipu. Ilisaidia sana, ila ilikuwa nzito: kila ilipoitwa ilikagua pakeji zote zilizosakinishwa. Kwa programu ya seva haijalishi. Kwa programu ya amri inayoitwa mara mia kwa siku kwenye kompyuta ya zamani, unasikia.

Jibu la ndani ya Python yenyewe likakomaa polepole. Juni 2018 Python 3.7 ikaja na importlib.resources, kazi ya Barry Warsaw na Brett Cannon. Oktoba 2020 Python 3.9 ikaongeza njia rahisi ya files(). Leo unaandika hivi:

    from importlib.resources import files
    aina = files("ndengu").joinpath("aina.csv").read_text(encoding="utf-8")

Hapo hutaji folda yoyote. Unataja pakeji, na Python inajua pakeji ilikotoka, iwe folda, iwe zipu. distutils yenyewe ilistaafishwa, ikaondolewa kabisa kwenye Python 3.12 mwaka 2023.

Hiyo ni kwa data inayokuja na programu. Kwa vyumba vya mtumiaji, Trent Mick wa ActiveState alitoa mwaka 2010 maktaba ndogo iitwayo appdirs, inayojua anwani za Linux, Mac na Windows. Ilipoacha kutunzwa, wengine wakaiendeleza kwa jina la platformdirs kuanzia 2021, na ndiyo ya kutumia sasa.

Faili iitwayo Africa/Nairobi

Sasa mfano unaotuhusu moja kwa moja. Kompyuta yako inajuaje kwamba Kenya iko saa tatu mbele ya Greenwich? Kwa faili.

Kuna hazina ya data ya saa za dunia inayotegemewa na karibu kila simu na seva. Ilianzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, na mratibu wake tangu 2005 ni Paul Eggert. Mwaka 2011 kampuni ya programu za utabiri wa nyota, Astrolabe, iliwashtaki wote wawili kwa madai ya hakimiliki, na hazina ikahamia chini ya IANA. Kesi iliondolewa 2012. Ndani ya hazina kuna faili iitwayo Africa/Nairobi, na leo Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Kampala, Africa/Mogadishu na Africa/Addis_Ababa yote ni majina yanayoelekeza kwake.

Faili hiyo ni historia iliyokunjwa. Kwa mujibu wake, hadi Mei 1908 Nairobi ilifuata jua lake, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. (Ishiara, iliyo karibu digrii moja mashariki ya Nairobi, jua lake linatangulia kwa kama dakika nne.) Halafu ikawa saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 ikawa saa tatu. Mwanzoni mwa 1930 ikarudi mbili na nusu. Mwisho wa 1936 ikawa mbili na dakika 45. Mwisho wa Julai 1942 ikawa saa tatu kamili, ndiyo tuliyo nayo hadi sasa.

Lakini nakala za zamani za hazina hiyohiyo hazisemi hivyo. Kabla ya masahihisho ya miaka ya karibuni, zilisema zile dakika 45 ziliendelea mpaka 1960. Sasa jaribu:

    from datetime import datetime
    from zoneinfo import ZoneInfo
    print(datetime(1950, 1, 1, tzinfo=ZoneInfo("Africa/Nairobi")).utcoffset())

Kompyuta yenye nakala mpya itajibu 3:00:00. Yenye nakala ya zamani itajibu 2:45:00. Programu ni moja, mstari ni mmoja, tofauti ni faili ipi imepatikana. Kwa bei ya ndengu haijalishi. Lakini mtu anayeingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za miaka ya 1950, tuseme za Mwea ilipokuwa ikichimbwa mifereji na wafungwa wa vizuizini, akipanga matukio pamoja na simu za maandishi zilizotoka London, dakika 15 zinaweza kugeuza lipi lilitangulia lipi.

Moduli ya zoneinfo ilipendekezwa na Paul Ganssle ikaingia Python 3.9 mwaka 2020. Inatafuta kwa utaratibu: kwanza kwenye folda za mfumo kama /usr/share/zoneinfo, ikikosa inatafuta pakeji ya Python iitwayo tzdata. Mfumo unatangulia ili hazina ikisasishwa mara moja, programu zote zipate. Ukitaka kuiamuru itafute kwingine, kuna kigeu PYTHONTZPATH.

Windows haina hazina hiyo kwa muundo huo. Kwa hiyo programu iliyoandikwa kwenye Linux na kujaribiwa kwenye Linux inafika kwenye kompyuta ya Windows ya stoo, haina intaneti, na inajibu: No time zone found with key Africa/Nairobi. Tafsiri yake, kompyuta iliyo Kenya haijui Kenya ni saa ngapi :-) Dawa ni mstari mmoja kwenye pyproject.toml, katika orodha ya mahitaji:

    "tzdata; sys_platform == 'win32'"

Na kwa kuwa huku mtandao si wa kutegemea, beba pakeji zote kwenye flash na usakinishe kutoka hapo:

    pip install --no-index --find-links=E:\pakeji ndengu

Kiswahili nacho ni faili

Mfano wa pili ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo, ukiifungua, ni faili za tafsiri. Kwenye Linux, programu zinazotumia gettext hutafuta Kiswahili ndani ya /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES, na Python imekuwa na moduli ya gettext tangu 2000.

Na mara nyingi moduli hiyo huitwa kwa fallback=True: tafsiri isipopatikana, endelea kimya kwa lugha ya awali, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Hapana kosa, hapana onyo. Mtu amekesha miezi akitafsiri, faili yake iko kwenye diski, lakini programu inatafuta folda nyingine, na mtumiaji anahitimisha kwamba programu haina Kiswahili. Weka tafsiri ndani ya pakeji yako, uzisome kama data ya pakeji, na ujaribu kwa LANGUAGE=sw kabla ya kuitoa.

Kwa hiyo tufanyeje

Kutoka kwenye historia yote hii, ndengu inaandikwa hivi:

    from platformdirs import user_config_path, user_data_path
    MIPANGILIO = user_config_path("ndengu", appauthor=False, ensure_exists=True) / "ndengu.ini"
    DAFTARI = user_data_path("ndengu", appauthor=False, ensure_exists=True) / "daftari.db"

Aina za nafaka zinasomwa kwa importlib.resources, mipangilio ina chumba chake, daftari lina chake. Programu ikifutwa na kuwekwa mpya, daftari haliguswi. Kwenye Windows vyumba hivi viwili huangukia folda moja ndani ya AppData\Local, hilo lisikushtue.

Kwa mipangilio, soma kutoka ya jumla kwenda ya karibu: kwanza /etc/ndengu.ini ya kompyuta nzima, halafu ya mtumiaji, halafu kigeu cha mazingira, mwisho kile alichoandika kwenye amri yenyewe. Cha karibu kinashinda. configparser inalifanya hili rahisi. Ukiipa orodha ya faili kwenye read() inasoma zilizopo, inaruka zisizopo, na ya mwisho inafunika za mbele. Kumbuka tu kwamba kuruka huko ni kwa kimya. Inakurudishia orodha ya ilizozisoma, iangalie.

Ikiwa kompyuta moja ina akaunti mbili na daftari ni moja la duka zima, basi chumba cha mtumiaji hakifai. Hapo mwenye duka aulizwe daftari likae wapi, jibu liandikwe kwenye mipangilio ya kompyuta nzima, na haki za folda hiyo ziwekwe kwa makusudi. Majina ya watu na madeni yao ni data binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. "Iko mahali fulani kwenye hii kompyuta" si jibu.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: programu yako iweze kusema. python -m site inakuonyesha Python inakotafuta moduli. git config --list --show-origin inakuonyesha kila mpangilio umetoka faili gani. Ipe ndengu amri kama hizo:

    ndengu --mahali

Ichapishe mistari mitatu: mipangilio iko hapa, daftari liko hapa, aina za nafaka zimetoka hapa. Ni kazi ya dakika kumi. Mama mwenye stoo ataandika njia hiyo kwenye karatasi, ataibandika ukutani kando ya bei za gorogoro, na kila Ijumaa kijana atanakili faili hiyo kwenye flash bila kumpigia fundi yeyote simu.

Kabla hujatoa toleo lako linalofuata, fanya jaribio hili moja: hamia folda ambayo haihusiani kabisa na programu, fungua akaunti mpya ya mtumiaji, zima mtandao, kisha iite. Ikipita hapo, Ishiara itapita.